Mtumishi Atafutaye Kazi Nyingine

Somo kwa washarika na walimu wa vijiji. Yasomwe kwanza: Nehemia 1 na 2, 1 Samweli 20 hata 22, 2 Wafalme 5.



Somo hili ni kwa ajili ya mtu aliye na kazi, naye ameitwa kwenye usaili wa kazi nyingine. Katika sharika za Kwamndolwa na Korogwe na Handeni watu wa namna hii si wachache. Yuko mwalimu wa shule ya binafsi aliyeomba kazi ya Serikali. Yuko karani wa shamba la mkonge aombaye kazi Tanga. Yuko muuguzi wa zahanati ndogo, yuko na binti akaaye dukani mwa mtu kwa mshahara wa mwezi. Maombi ameyapeleka usiku kwa simu yake, na sasa jina lake limetokea katika orodha ya walioitwa: na afike Dodoma, au Tanga, au Dar es Salaam, siku fulani, saa moja asubuhi. Siku ile ni siku ya kazi, na mkuu wake hajui neno.

Afanyeje? Wengi hufanya hivi: alfajiri hupiga simu na kusema kwamba wamefiwa. Shangazi amekufa Mombo. Babu amekufa Lushoto, na maziko ni leo. Mkuu wa kazi aseme nini mbele ya msiba? Husema, Pole, nenda. Naye mtu yule hupanda basi, vyeti vyake mkononi, akimwomba Mungu ambariki katika usaili. Neno hili limekuwa la kawaida hata watu hulicheka. Lakini wazee wa kanisa na walimu wa vijiji hawacheki, kwa kuwa mara nyingine uongo ule huja mpaka mlangoni pao, kama tutakavyoona.

Kwanza tuulize: Je, ni dhambi mtumishi kutafuta kazi nyingine, angali anakula mshahara wa kazi aliyo nayo? Sivyo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu na akae katika hali aliyoitiwa. Lakini katika sura ile ile, ya 7, hata mtumwa awezaye kupata uhuru hakumzuilia. Tena mtumishi wa mshahara si mtumwa. Amepatana na mwajiri wake, na mapatano yana taratibu yake ya kuyaanza na taratibu yake ya kuyamaliza.

Lakini hofu iliyomo mioyoni mwa watu ina asili yake, nasi tukaao karibu na mashamba ya mkonge twaijua. Mkonge uliletwa katika nchi hii na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka ule ule reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kuja bara. Mashamba yakahitaji watu wengi kuliko waliokuwako, hata manamba wakaletwa kutoka mbali kwa mkataba. Na mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuajiri, iliyoitwa SILABU, ikawatafuta watu hata Kigoma na Songea. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilimhesabu mtu wa mkataba aliyeondoka kabla ya siku zake kuwa mkosaji, akaweza kutiwa gerezani. Basi aliyetaka kwenda mahali pengine alitoroka usiku, asiage mtu. Sheria ile imekwisha zamani. Desturi ya kutoroka imebaki. Mtu mwenye shahada leo huondoka kazini kwa siri kama babu wa baba yake alivyoondoka kambini, ingawa hakuna askari wa kumfuata.

Sasa na tumtazame Nehemia. Yeye alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta katika ngome ya Shushani, kazi ya heshima na ya kuaminiwa sana, maana mfalme hanywi katika mkono wa mtu asiyemwamini. Nehemia alipata habari za Yerusalemu katika mwezi wa Kisleu, moyo wake ukaenda huko. Je, aliacha kikombe mezani akaondoka? Hakufanya hivyo. Alifunga, akaomba, akaendelea kumnywesha mfalme hata mwezi wa Nisani, yapata miezi minne. Nafasi ilipokuja, mfalme mwenyewe alimwuliza sababu ya uso wake kuwa na huzuni. Maandiko hayafichi kwamba Nehemia aliogopa mno. Lakini alisema kweli, akaomba ruhusa. Mfalme akauliza maneno mawili ambayo kila mkuu wa kazi huuliza mpaka leo: safari itakuwa ya siku ngapi, na utarudi lini? Nehemia akamtajia muda. Hapo msomaji asipite upesi. Mtu huyu alikuja mbele ya mkubwa wake akiwa amekwisha kuhesabu siku zake. Wengi wetu hunyimwa ruhusa kwa sababu tumekuja na maombi yasiyo na mwanzo wala mwisho: "Naomba nitoke kidogo, nina shida." Kidogo ni nini? Shida ni ipi? Mkuu wa kazi hawezi kupanga zamu kwa neno hilo.

Tena tusome mbele kidogo katika sura ya 2. Nehemia alipofika Yerusalemu aliondoka usiku kuutazama ukuta, pamoja na watu wachache, wala hakuwaambia maakida alikokwenda. Mtu yule yule aliyesema kweli mbele ya mfalme alijua pia kunyamaza. Basi kuna kunyamaza kusiko uongo. Neno hili lataka kuelezwa vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Hudhani njia ni mbili tu: ama nimwambie mkuu wangu kila kitu anifukuze, ama nimdanganye. Njia ya tatu iko, nayo ni kuomba siku iliyo haki yako, na kusema, "Nina jambo langu mwenyewe la kushughulikia siku ya Alhamisi, naomba siku hiyo ikatwe katika likizo yangu, Ijumaa nitakuwapo." Maneno haya yote ni kweli. Hakuna aliyekufa ndani yake.

Na siku hizo ziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, yampa mtumishi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Ni kweli kwamba mwajiri ndiye apangaye wakati wake, tena aliye na kazi chini ya miezi 6 hana bado haki ya likizo yenye malipo. Lakini sheria ile ile yataja ruhusa za siku moja moja: mtumishi akiomba, na mwajiri akikubali kumpa siku yenye malipo, siku hiyo yaweza kutolewa katika zile 28. Basi mwenye kazi aonaye kwamba mwaka huu atatafuta mahali pengine, asizile siku zake zote kwa mara moja wakati wa Krismasi. Aweke tatu au nne akibani. Aliye mgeni kazini, asiye na likizo bado, aweza kuomba siku isiyo na mshahara. Itamwumiza mfukoni. Lakini nauli ya kwenda Dodoma nayo inamwumiza, wala hafikiri kuiiba.

Sheria yataja pia likizo ya siku 4 zenye malipo kwa ajili ya kuuguliwa na mtoto au kufiwa naye, na kufiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu. Siku hizi ziliwekwa kwa ajili ya wenye kulia. Mtu azichukuaye kwa msiba usiokuwako amechukua kitu kilichotengwa. Na huku kwetu jambo halikomi hapo. Mtu akitangaza msiba kazini, wenzake hutoa rambirambi. Mpishi wa shule hutoa, mlinzi hutoa, kila mtu kadiri awezavyo katika mshahara mdogo. Tena hutuma wawili watatu waende kuhani. Ndipo mwenye msiba wa uongo hujikuta ana fedha za watu mkononi. Alianza kwa kuvunja Amri ya Nane, naye amefika katika ya Saba bila kukusudia. Kisha wajumbe wa kuhani hufika kijijini wakiuliza nyumba ya matanga iko wapi. Na wa kwanza kuulizwa ni mwalimu wa kanisa.

Hapo ndipo penye jaribu la walimu wetu. Na tumfikirie mwalimu wa kijiji ambaye kijana wa usharika wake amemjia jioni, akisema, "Mwalimu, mkuu wangu ataka barua ya kushuhudia msiba. Niandikie mistari miwili tu. Nikipata kazi hii nitalisaidia kanisa." Mwalimu amjua kijana huyu tangu ubatizo wake. Amjua mama yake mjane, ajua ada za wadogo zake. Moyo wake wamsukuma kuandika. Asiandike. Si kwa kuwa hampendi kijana, bali kwa kuwa barua ya kanisa ina nguvu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba watu huiamini. Mwezi ujao mjane wa kweli atakuja kutaka barua ya msiba wa kweli, na mkuu wa kazi ataitupa. Lakini mwalimu asimwache kijana aende mikono mitupu. Akae naye, amsaidie kuandika barua ya kuomba ruhusa ya siku moja, yenye tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi, na jina la mwenzake aliyekubali kumshikia zamu. Kazi hiyo ni ya nusu saa.

Tena kuna kisa katika Maandiko kifananacho na msiba wa uongo kwa namna ya kushangaza. Daudi alipaswa kuketi mezani pa Sauli siku ya mwezi mwandamo. Hakutaka kwenda, akamwambia Yonathani amjibu mfalme kwamba Daudi ameomba ruhusa kwenda Bethlehemu, kwa kuwa jamaa yake wana dhabihu ya mwaka. Udhuru wa jamaa! Ni kweli kwamba Daudi alikuwa akiokoa maisha yake, wala mimi sitamhukumu. Mtu akimbiaye mkuki hawezi kulinganishwa na mtu akimbiliaye mshahara. Lakini tazama lililofuata. Sauli aliutambua udhuru, na mkuki ukatupwa kwa Yonathani, mtu aliyeusema kwa ajili ya rafiki yake. Kisha Daudi akaenda Nobu, akamwambia kuhani Ahimeleki kwamba ametumwa na mfalme. Ahimeleki akaamini akampa mikate. Kwa ajili ya neno lile makuhani 85 waliuawa, na Daudi mwenyewe alikiri mbele ya mwana wa Ahimeleki kwamba yeye ndiye aliyeleta mauti hayo. Katika visa vyote viwili aliyeumia ni yule aliyesimama katikati. Mwalimu aombwaye barua na ayasome haya mara mbili.

Habari za Gehazi nitazipitia kwa ufupi. Yeye alimfuata Naamani kwa siri, akasema bwana wake amepata wageni wawili kutoka milima ya Efraimu, akapokea fedha na mavazi. Alipoulizwa ametoka wapi, alisema hakwenda mahali. Kisa hiki wanakipenda wahubiri kwa sababu ya ukoma ulio mwishoni. Mimi naona jambo jingine: swali lilikuwa jepesi kabisa. Utokaye usailini utaulizwa swali hilo hilo asubuhi ya pili, na wenzako, kwa mapenzi tu: ulikuwa wapi? Aliyeomba siku kwa haki ana jibu: nilikuwa na jambo langu. Aliyezika shangazi hana budi kusimulia maziko.

Sasa maneno ya kazi yenyewe. Usaili wa Serikali hauhamishwi kwa ajili ya mtu mmoja. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza siku na mahali. Pengine mwombaji huanza kwa usaili wa mchujo wa kuandika, na akipita huitwa tena kwa mahojiano, wala si siku ile ile. Kwa hiyo mwombaji wa Serikali asiombe siku moja akadhani yamekwisha. Ahesabu siku ya safari ya kwenda, siku ya usaili, na siku ya kurudi, kisha aweke nyingine kwa mahojiano. Gharama za nauli na chakula na kulala ni zake mwenyewe. Aliye mtumishi wa umma tayari, naye aomba kada nyingine, hana ruhusa ya kunyamaza tuliyoisema juu: matangazo humwagiza apitishe barua yake kwa mwajiri wake. Wengi huliona agizo hili kuwa mzigo. Mimi naona limemwondolea mtu nusu ya hofu, kwa kuwa siku ya usaili ikifika mkuu wake amekwisha kujua.

Kwa kampuni na shule za binafsi na mashirika mambo ni mepesi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Akuitaye aweza kuulizwa kwa adabu: "Nipo kazini mpaka saa kumi; je, yawezekana nije saa kumi na nusu, au Jumamosi?" Mtu mwenye busara hatakukasirikia. Ameona kwamba humwibii mwajiri wako saa zake, naye ajua kwamba kesho mwajiri huyo atakuwa yeye. Na wengi siku hizi huanza kwa simu, au kwa video. Mazungumzo hayo yasifanyike katika ofisi ya mkuu wako, wala kwa simu ya ofisi, wala kwa vocha aliyoilipa yeye. Sheria yampa mtumishi afanyaye kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Saa hiyo ni yako. Tafuta mwembe ulio mbali na watu na wenye mtandao mzuri, maana pande nyingine za vilima vyetu simu hukatika katikati ya neno. Mkata mkonge apewaye kazi kwa kipimo ana nafasi kuliko karani: akimaliza kipimo chake mapema, jua lililobaki ni lake.

Juu ya mavazi: Yusufu alipoitwa mbele ya Farao alinyoa, akabadili nguo zake, na mtu aendaye usailini afanye vivyo. Lakini asiingie kazini asubuhi na suti na tai ikiwa siku zote huvaa shati la kawaida. Mpaka saa nne kijiwe kizima kitakuwa kimeambiwa. Nguo na zikunjwe vizuri katika mfuko, akabadili huko aendako.

Liko jambo la vyeti, nalo ni zito. Usailini huulizwa vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa. Wako waajiri wanaovishika vyeti halisi vya watumishi wao, wakisema ni kwa usalama, na kumbe ni kamba ya kuwafungia. Vyeti ni mali ya aliyevisomea. Mwajiri Mkristo afanyaye hivyo asome Wakolosai 4, mstari wa kwanza, kisha afungue kabati lake. Na mtumishi asingoje barua ya usaili ndipo avidai; avidai leo, wakati hana safari, apate kusema kweli kwamba ataka kuvitunza mwenyewe.

Ndani ya chumba cha usaili ataulizwa, Kwa nini wataka kuacha kazi uliyo nayo? Hapa ulimi huteleza. Luther alipoieleza Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 hakukomea kukataza uongo. Alitufundisha pia kumtetea jirani na kumnenea mema. Mkuu wako naye ni jirani. Mshahara ukiwa mdogo, sema wataka kipato cha kutosha jamaa yako. Usisimulie magomvi ya ofisini. Wale wanaokusikiliza hawana njia ya kumsikia yeye.

Kisha rudi kazini. Usiku wa safari ulale mapema, maana siku ya pili utatazamwa. Wala usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu waulizaji walitabasamu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ngoja barua ya ajira iliyotiwa sahihi. Ikija, mtumishi wa mshahara wa mwezi hutoa notisi ya siku 28, kwa maandishi. Aliye katika mwezi wake wa kwanza hutoa ya siku 7. Notisi haitolewi mtu akiwa likizoni, wala siku zake haziendi pamoja na likizo. Kwa hiyo mwajiri mpya akisema, "Anza Jumatatu," jibu lake ni kwamba una siku 28 za watu. Ukiondoka vizuri, una haki ya kupewa cheti cha utumishi. Na matangazo ya Serikali hutaka majina ya wadhamini watatu, ambao huandikiwa au kupigiwa simu. Mara nyingi mmoja wao ni mkuu wa zamani, na mwingine ni mchungaji au mwalimu wa kanisa. Walioandikwa na waulizwe kwanza kabla ya majina yao kutumwa, wasije wakashtuka.

Walimu watakaolisoma somo hili katika jumuiya za nyumba kwa nyumba na waulize hivi: Nehemia alingoja miezi minne kabla ya kunena; je, sisi twaweza kungoja nini, na nini hakingoji? Mahali gani katika habari zake alinyamaza bila kudanganya? Tena kama wako katika jumuiya waajiri wa watu, hata wa mtumishi mmoja wa nyumbani au kibarua wa shamba, wao na waulizwe peke yao: mtumishi wako akikujia leo na kusema kweli kwamba ameitwa usailini Alhamisi, utamjibuje?